Diski za Mbele

Mume wangu Bilali anafanya biashara ya samaki, na mimi siwezi kuvumilia harufu ya samaki. Watu wa Mwanza wakisikia hivyo hucheka, nami huwaacha wacheke. Hawajawahi kulala pembeni ya mtu aliyeshinda siku nzima anapakia sangara. Viwanda vya minofu vilipoanza kufunguliwa ziwani, Bilali alinunua Hilux ya milango minne iliyotumika Japani, ikawa kila siku inakwenda kwenye mialo ya wavuvi ya Misungwi na kurudi kiwandani imejaa. Jioni ilikuwa inaletwa nyumbani ikichuruzika maji mekundu nyuma, na inzi wakiisindikiza mpaka mlangoni. Nilikuwa nikiiona naziba pua na kanga.

Dereva alikuwa Maige, mtu wa makamo aliyepunguzwa kazi shirika lake la umma lilipokufa. Alikaa nyumbani miaka miwili kabla Bilali hajamchukua. Alikuwa hasemi sana.

Jumamosi moja mwaka 1996 tulikuwa tunakwenda Buswelu kuangalia kiwanja. Maige ndiye aliyeendesha, Bilali mbele, mimi nyuma. Tulipofika Igoma ng'ombe wakakatiza barabara, Maige akakanyaga breki, na usukani ukaanza kutetemeka mikononi mwake hadi nikauona nikiwa nyuma.

"Hii ni mara ya tatu," Bilali akasema. "Pedi mpya nimeweka, matairi yamebalansiwa, bado. Leo tunakwenda kwa Chenge. Akiniambia wewe ndiye unayeharibu gari, Maige, funguo unaniachia hapohapo."

"Sawa, mzee," Maige akajibu.

Gereji ya Chenge ilikuwa uchafu mtupu. Ardhi ilikuwa imelowa oili, na kwenye benchi kulikuwa na kikombe cha chai chenye inzi wawili ndani. Chenge mwenyewe alipenga kamasi kwa vidole, akavifuta kwenye ovaroli, kisha kwa vidole vilevile akanikaribisha niketi. Nikamwambia nimezoea kusimama.

Lakini kazi aliijua, hilo siwezi kumnyima. Aliliendesha gari peke yake mpaka mbele kidogo na kurudi. "Usukani unacheza, kiti hakichezi," akasema. "Basi shida iko mbele." Akapiga jeki, akatingisha tairi la mbele kwa mikono miwili kuona kama beringi zimelegea. Hazikulegea. Akalivua. Kisha akafunga kipande cha waya kwenye chuma kisichozunguka, ncha yake ikikaribia kugusa diski ya breki, akaanza kuizungusha diski polepole. Waya ukakwaruza, ukaacha, ukakwaruza tena, ukaacha.

"Imepinda," akasema. Akatuonyesha madoa ya bluu usoni mwa diski. "Ona. Hii imechemka, halafu ikatiwa maji ya baridi ghafla. Pedi mngebadilisha mpaka mwisho wa dunia, isingepona. Hili gari mnaliosha wapi?"

"Ziwani," Bilali akasema. "Kila mtu anaosha ziwani."

"Wanaosha, ndiyo. Ila wanaliacha kwanza lipoe. Nani huyu anayeliingiza majini magurudumu yakiwa ya moto?"

Hapo nikageuka nikatazama barabarani.

Mwanzoni mwa mwaka ule nilishuka ufukweni nikamkuta Maige amekaa juu ya jiwe, gari limesimama pembeni linanuka, na wake za watu wanapita wakigeuza nyuso. Nilimuuliza anangoja nini. Akasema, "Mama, nalisubiri lipoe kidogo." Nikamwambia kinachosubiriwa kupoa ni chai. Nikamwambia kuanzia siku ile akitoka kiwandani alitumbukize majini moja kwa moja, na nikimkuta tena amekaa juu ya jiwe nitamwambia Bilali kwamba dereva wake ni mvivu. Alifungua mdomo kunieleza kitu. Nikainua kiganja akaufunga. Toka siku hiyo hakusubiri tena.

"Maige," Bilali akaita. "Ni wewe?"

Maige alikuwa ameshika spana ya magurudumu. Hakuniangalia. Laiti angeniangalia, pengine ningepata hasira nikasema neno. "Nililiingiza majini likiwa la moto, mzee," akasema. "Ni kweli."

"Na wewe ni dereva wa miaka mingi. Hukujua?"

"Nilijua."

Bilali akanyoosha mkono. Ulikuwa ni wakati wangu wa kusema. Maneno yenyewe yalikuwa machache tu: nilimwagiza mimi. Nikamwona Chenge na kamasi zake atakavyonitazama, nikamwona Bilali atakavyosimulia kwa ndugu zake. Nikaziba pua na kanga kama vile oili inaninukia. Maige akaweka funguo kwenye kiganja cha Bilali, akachukua koti lake na chupa yake ya chai kutoka kwenye gari, akaaga kila mtu, mimi nikiwemo, akashika barabara kwa miguu.

Chenge alizipeleka diski zote mbili kwa jirani yake mwenye mashine, zikachongwa mpaka zikang'aa. Akasugua kutu mahali zinapokaa, akatia pedi mpya kwa sababu zile alizoweka Bilali zilikwishalika upande, akakaza nati za magurudumu kwa kupishanisha. Ilichukua mchana mzima. Nilisimama muda wote huo. Nilijichukia kuanzia nywele hadi kucha, na bado nilikuwa nachagua pa kukanyaga nisichafue viatu.

Tuliporudi mjini Bilali aliendesha mwenyewe. Penye mteremko akaongeza mwendo, kisha akakanyaga breki kwa makusudi, mara ya kwanza, mara ya pili. Gari likasimama taratibu bila hata kutikisika. Akaachia mkono mmoja usukani, akacheka kwa furaha.

"Umeona, Mwanaheri?" akasema. "Kumbe shida yote ilikuwa dereva."

Nikasema, "Ndiyo."