Kichupa Kwenye Barafu ya Masatu

Wenceslaus hakumdanganya dada yake. Alinyamaza tu, na kwa mtu aliyesoma hadi Ulaya, kunyamaza kule kulikuwa kubaya kuliko uongo.

Alifika Kigera, Musoma, mwaka 1996. Ndani ya termosi alibeba kichupa kidogo kuliko kidole cha mtoto. Kilikuwa na protini ya kibinadamu, ile ambayo mimba ikiwa changa huziamuru chembe zianze kuumba moyo. Hii haikutoka kwa mtu. Ilitengenezwa maabara, ndani ya bakteria waliopandikizwa jeni ya binadamu, ili watafiti wapate kitu cha kuchunguza. Wiki iliyofuata angeifikisha kwa wenzake Nairobi. Haikuwahi kumponya hata panya.

Lakini dada yake Boke alipomuuliza amebeba nini, alijibu kwa mbwembwe za msomi: "Protini ya moyo wa binadamu, dada. Inataka ubaridi muda wote."

Boke akakaa chini taratibu. Binti yake Gati, wa kidato cha pili, moyo wake uliharibika tangu utotoni. Akipanda kilima kidogo tu anahema hadi anashika ukuta. Ijumaa ile madaktari wageni wa moyo wangekuwa Mwanza, na Gati alikwishapewa nafasi ya kuonwa.

"Mungu ameniona," Boke alisema. "Kumbe miaka yote hiyo ulikuwaga unamsomea mtoto wetu."

Pale ndipo palikuwa pa kusema. Wenceslaus alifungua mdomo, lakini majirani walikwishaanza kumpa mkono. Wakamvika kilemba cha ukoka, naye akakivaa kikamkaa vizuri kichwani. Akajiambia atawafafanulia kesho. Kesho yake ndugu wakaja kutoka Buswahili, kule Butiama, na beberu wao. Wakamwita yeye daktari, wakasali, wakachinja. Nani akatize sala kwa somo la baiolojia? Nyama akala, na mafuta akajilamba.

Umeme ulikuwa wa mgao, na jokofu la jirani lilikuwa kabati tu. Boke akampeleka Gati na kichupa ufukweni Mwigobero, kwa Masatu, wakala aliyewanunulia wenye viwanda sangara. Tangu biashara iachiwe huru, viwanda vya minofu vilimeza kila sangara aliyetoka ziwani, na wakala asiye na barafu hakuwa na kazi. Gati akakifunga kichupa kwenye nailoni, Masatu akakifukia katikati ya kasha lake la barafu.

Alhamisi asubuhi Wenceslaus alikwenda kukitazama. Alipokewa na harufu kabla ya kumwona mtu. Gari la barafu la kiwanda halikuja tangu Jumanne. Sangara walilala juu ya turubai, macho yamekuwa meupe, na akina mama walikuwa wanawapasua kwa ajili ya kuwakausha. Barafu yote iliyosalia Masatu alikuwa ameikusanya pembe moja ya kasha, kuzunguka kichupa.

"Barafu haikutosha kwa vyote viwili," Masatu alisema. "Samaki tunavuaga kila siku. Moyo wa yule mtoto je?"

Wenceslaus akainama kukitazama kichupa.

"Na dada yako jana alikuwa na furaha," Masatu aliendelea. "Anasema Mwanza hawaendi tena. Kule watamfungua mtoto kifua, na ndugu yake ameleta dawa."

Aliona aibu ambayo hakuwahi kuionja.

"Masatu, hii si dawa. Haimtibu mtu."

Masatu aliwatazama sangara wake. "Nenda ukamwambie mama yake," alisema. "Mimi umeshaniambia."

Boke alikuwa uani akichambua dagaa. Wenceslaus akamweleza yote akiwa amesimama, mikono nyuma kama mwanafunzi aliyeitwa mbele. Alisubiri matusi, maana yangempunguzia mzigo. Boke hakumpa hata moja. Alinawa mikono, akajifuta kwa kanga.

"Gati, vaa viatu. Basi la Mwanza bado halijaondoka."

Wenceslaus akawafuata bila kuitwa, akakaa kiti cha nyuma yao. Walipofika Bunda, Boke alishuka kununua maji. Gati akageuka.

"Mjomba, kile kichupa nilikisoma siku ile nakifunga. Kimeandikwa Kiingereza kwamba ni cha maabara, si cha kutibu watu."

"Mbona hukusema?"

"Nilifikiri nimesoma vibaya," Gati alisema. "Maana kama ingekuwa kweli, mjomba angesema."

Mama yake akapanda na chupa ya maji, akampa Gati, na basi likaondoka. Wenceslaus aligeukia dirisha, na hadi wanaingia Mwanza hakuthubutu kuutazama mgongo wa mtoto yule.