Vidole Visivyofunguka

Asubuhi ile mkono wa kulia wa mama ulibaki ndani ya unga. Alikuwa akiukanda kwa chapati za kuuza sokoni Shianda. Akasimama ghafla, akautazama mkono kana kwamba kuna mgeni aliyeusahau pale. Alitaka kuniita. Mdomo ukaenda upande.

Kiharusi, walisema hospitalini Kakamega.

Aliporudi nyumbani, mguu ulimtii kidogo. Mkono haukumtii kabisa. Kula kwa kushoto alikataa. "Sijasali miaka yote hii nije nile kama shetani," alisema kwa ulimi mzito. Basi Shangazi Hadijah, dada yake marehemu baba, akawa anamlisha. Alimkatia obusuma, ugali wetu, matonge madogo, akamfuta kidevu, na majirani wakamsifu. Kwetu mgonjwa akijilisha mwenyewe, wenye nyumba wameaibika. Lakini mama hakuja tena kwenye sinia. Alilishwa pembeni, uso ameupa ukuta, nami niliogopa kwamba atakula hivyo mpaka kufa.

Osundwa, aliyemfanyisha mazoezi ya viungo, aliuinua ule mkono, akauacha uanguke.

"Mnamlisha?"

"Vizuri sana," Shangazi akajibu.

"Basi acheni. Sehemu ya ubongo iliyouamuru mkono huu imekufa, hairudi. Jirani zake humo kichwani wanaweza kujifunza ile kazi, lakini mpaka waitwe. Nyinyi hamuwaiti. Saa ya kula, ufungeni huu mzima, wa kushoto."

Nikaufunga kwa leso. Shangazi akashika kichwa.

"Swafia! Unamfunga mama yako kama mbuzi wa Idi?"

Mama akacheka kwa nusu ya uso. "Mbuzi wa Idi analishwanga kwanza. Leteni obusuma."

Mboga zilimwagika kifuani mwake, wiki baada ya wiki. Siku nyingine alilia, akanitukana, nikamfungua. Kesho yake alikuja na leso mwenyewe, akanyoosha mkono mzima nimfunge. Vidole vya kulia vilijifunza kufumba, kufunguka vilikataa. Tonge lilifika mdomoni likiwa limekwama ngumini, naye akalichokoa kwa meno, kidogo kidogo. Shangazi alitoka nje asione.

Hivyo ndivyo alivyokula nasi Idi, watano tumebanana bega kwa bega, kwenye sinia moja. Hakuna aliyemtazama. Shangazi alisukuma kipande cha nyama upande wake, kisha akauondoa mkono haraka, kama aliyeungua.

Kiharusi cha pili hakikungoja Idi nyingine. Tulimwosha mimi na Shangazi, tukianza na upande wa kulia kama inavyotakiwa. Niliinua ule mkono. Vidole vikafunguka, vyote, bila mtu kuviita.

Shangazi alivishika muda mrefu. Kisha akamimina maji.

Sasa sinia huwekwa palepale. Tunakula wanne, na tunaenea vizuri.