Juzuu ya Pili Iko Kojani

Mwalimu Mbarouk wa Msuka alikuwa na vitabu viwili vikubwa vya picha, vinavyoeleza jinsi majeshi yalivyoshuka pwani ya Ufaransa katika Vita Vikuu vya Pili. Kusema kweli alikuwa na kimoja. Juzuu ya kwanza, ya Wajerumani wakijenga ngome ufukweni na kungoja, aliijua ukurasa kwa ukurasa. Ya pili, ya kushuka kwenyewe, ilikuwa Kojani kwa shemegi yake Nyange, aliyeiazima kabla mwenyewe hajaifungua. Mbarouk alikuwa amesomesha historia maisha yake yote. Nani alishinda alijua. Asilolijua ni vipi mashua zile zilivipita vigingi vilivyochorwa mwishoni mwa juzuu ya kwanza, na jambo hilo lilimkosesha raha.

Kudai hakukuwezekana. Kila mwaka Nyange alikuja Msuka na wavuvi wenzake kupiga dago, kambi yao ya uvuvi, na Msuka mtu akishakanyaga mchanga ni mgeni. Mgeni hadaiwi. Mwaka uliopita alikula kwa Mbarouk wiki nzima akikisifu kitabu, na Mbarouk akimwongeza mchuzi.

Basi ilibidi adaiwe akiwa bado majini.

Siku moja kabla ya dago, maji yalipokupwa, Mbarouk alibeba vigingi vya mkoko, na juzuu ya kwanza ndani ya mfuko wa nailoni. Akavichomeka safu kwa safu, vyote vimeinamia baharini kama pichani, akarudi kuoga.

Mchana mkewe Mwanamize, dada yake Nyange, aliingia amerowa hadi kifuani, uso umekunjuka.

"Ahsante, Mwalimu. Miaka yote nalilia konde la mwani, kumbe ulikuwa umenyamaza tu!"

"Konde gani?"

"Si vile vigingi? Mimi na jirani yetu Bimkubwa tushafunga kamba na mwani wote. Ila macho uliyaacha wapi? Vyote vimelala! Tumevinyoosha."

"Vile ni vya kumzuia kaka yako."

"Kwa kile kitabu? Yarabi! Basi mzuie, lakini mwani wangu usiguswe."

Pwani ile aliyefunga mwani mwanzo ndiye mwenye konde. Mbarouk akaviacha vigingi vyake vimesimama wima.

Asubuhi, maji bado yamejaa, mashua za Kojani zilitokea. Mbarouk aliingia hadi kiunoni.

"Nyange! Kitabu kwanza!"

Kabla hajajibiwa, Bimkubwa alipiga kelele nyuma yake: "Atakayepitisha mashua juu ya mwani wangu, nyavu zake leo nazipikia!"

Mashua zote zikashusha tanga. Ulinzi ulifaa kuliko ilivyoandikwa. Wajerumani hawakuwa na Bimkubwa.

"Ninacho, shemegi!" Nyange alikiinua juu.

"Nirushie!"

"Kirowe? Kitabu cha watu? Hasha!" Akatia nanga, akakaa, akafunua kurasa. "Tutangoja maji yatoke."

"Kwa nini?"

"Ndivyo walivyofanya wao. Imo humu, na picha yake. Walikuja maji madogo, vigingi vyote vikaonekana."

Kumbe! Mbarouk alifurahi kama mwanafunzi. Furaha ilidumu mpaka alipotazama chini: maji yalikuwa magotini. Baadaye yakawa kwenye vifundo. Kisha mashua ya Nyange ikakaa mchangani, palepale ilipotiwa nanga, na mchanga ukaanzia ubavuni mwake hadi kwenye minazi.

Nyange akateremka. Akapita katikati ya safu za mwani bila kugusa kamba hata moja, kitabu kwapani.

"Assalaam alaykum, Mwalimu."

Mbarouk alimtazama miguu. Ilikuwa mchangani yote miwili.

"Wa alaykum salaam. Karibu, shemegi."

Kwenye chakula Nyange alinawa, kitabu bado pajani pake, akameza tonge mbili tatu, akatikisa kichwa.

"Kitabu kizuri, shemegi, ila mimi nimeanzia mwisho. Ile ya kwanza unayo?"

Mwanamize aliinamia sahani yake. Mbarouk aliinuka, akarudi na mfuko wa nailoni.

"Imerowa kidogo pembeni," alisema, akamwongeza mchuzi.