Nafasi Imejaa

Vumbi huingia na jua la alasiri. Jua hupita dirishani, likajitandaza sakafuni kama mkeka, na juu yake vumbi hupanda, hushuka, halina haraka, halina pa kwenda. Ni vumbi la makochi ya watu. Mshona makochi analijua vizuri. Amelifagia miaka yote ya ndoa yake, na sasa analifagia peke yake.

Jamani, alikuwa mkali wa sakafu! Mumewe, fundi umeme, alikuwa akirudi jioni na vumbi la dari za watu viatuni, na kabla hajafunga mlango alipokelewa na wimbo wa mkewe: vua viatu. Si pole, si karibu, vua viatu. Naye alivua. Leo sakafu inang'aa, hakuna wa kuichafua, na kung'aa kwake kunamuuma.

Simu ikalia kidogo mezani. Nafasi imejaa.

Imejaa! Nyumba tupu, kitanda kitupu, mezani kikombe kimoja, na simu ndiyo iliyojaa. Makubwa haya.

Picha zote za mumewe zimo humo, na simu yenyewe imechoka. Inazimika katikati ya maongezi, inapata moto kama pasi. Ikifa, zimekufa nazo. Alishamzika mara moja. Kumzika mara ya pili, hapana, hataweza.

Basi akafungua ukurasa wa hifadhi ya mtandaoni, achague kifurushi. Kidogo kilikuwa cha bei yake, ila hakitoshi mpaka afute. Cha kati kilitosha, ila kinabana video, sura zinafifia; na ile sura ilishaanza kufifia kichwani mwake yenyewe, isaidiwe tena? Kikubwa kilikuwa cha wenye nazo. Halafu kulikuwa na cha familia, mpaka watu watano. Akacheka, kicheko kikagonga ukuta kikamrudia. Watu watano! Atawaokota wapi?

Akampigia mdogo wake, anayeishi mbali.

"Dada, chukua kidogo, ufute takataka. Picha za vitambaa vya wateja za nini?"

"Za kazi."

"Kazi gani! Futa bwana. Simu imeshiba kuliko wewe."

Akafuta. Vitambaa, akafuta. Miguu ya makochi, akafuta. Simu nayo ikajitia msaidizi, ikamletea kile ilichoona hakina maana: video moja, nyeusi tii tangu mwanzo hadi mwisho, nzito kuliko zote. Ifutwe? Ikiondoka hiyo tu, kifurushi kidogo kinatosha. Kidole kilishanyooka. Lakini mkono wa mshonaji haukati kitambaa bila kukipapasa kwanza. Akaifungua.

Giza. Kisha bisibisi zikigongana na funguo. Hatua. Pumzi. Hatua. Akakumbuka: siku ile mumewe aliazima simu hii, akaitia mfukoni bila kujua kwamba inarekodi.

"Dada, nichagulie nyanya ngumu," mfuko ulisema. "Zikiwa laini nitarudishwa nazo. Nina bosi nyumbani." Muuza nyanya akacheka. Hatua. Wimbo ulioimbwa vibaya, kwa furaha. Hatua. Mlango.

"Hodi, bosi!"

Na sauti ya mwanamke, kali, sauti yake mwenyewe: "Vua viatu, nimefagia!"

Na mumewe, akiinama, pumzi karibu kabisa: "Haya, mama. Haya."

Mshona makochi akalia. Akalia kwa sauti, kama mtu asiye na jirani. Picha zote zilikuwa na uso wa mumewe, na hakuna hata moja iliyokuwa na pumzi yake.

Akampigia tena mdogo wake. "Hii sifuti."

Mdogo wake hakuuliza ni ipi. Alimsikiliza akivuta makamasi. "Basi chukua cha familia, tuchangie."

"Kinataka watu watano."

"Mpaka watano, dada. Hakikusema lazima watano. Mimi na wewe hatutoshi?"

Akakichukua. Ile video nyeusi ikawa ya kwanza kupanda, polepole, naye akaisindikiza kwa macho mpaka simu ikasema imefika, imehifadhiwa.

Jua lilikuwa limerudi nyuma, limebaki kipande kizingitini, pale viatu vilipokuwa vikivuliwa. Akaifungua video tena. Bisibisi, funguo, nyanya, wimbo, mlango.

"Hodi, bosi!"

Safari hii akawahi. "Ingia na viatu vyako, baba. Ingia hivyo hivyo, ingia tu."

Lakini yule mwanamke wa simuni hakumsikia. "Vua viatu, nimefagia!" akasema vilevile, na mume akavua, vilevile.

Ufagio ulikuwa nyuma ya mlango. Hakuufuata. Vumbi likashuka kwenye kile kipande cha jua, likatua kizingitini, naye akaliacha litue.