Magoti ya Pamba

Binti yangu ni fundi cherehani, na fundi akiwa mwoga, woga wake huushona. Mjukuu wangu alipoanza kutambaa, mama yake alimtia pamba kwenye magoti ya suruali. Alipoanza shule, pamba ikapanda hadi makalioni. Darasa la tatu, wenzake wakambatiza Godoro.

"Mama, utaniulia mtoto!" aling'aka Fundi siku niliyomwacha ashuke ngazi peke yake. Ngazi yenyewe ukipiga chafya umeimaliza.

"Wewe ulianguka toka paa la banda la kuku," nikamwambia. "Walioumia ni kuku."

"Ndiyo maana naogopa!"

Yakaja mashindano ya shule. Godoro alitaka mbio za vijiti kufa kupona. Mwalimu akasema atampanga, ila aje na suruali ya watu, si tandiko la kitanda. Fundi akakataa katakata: atakimbia akikua. Mtoto akaja kulilia mapajani pangu.

"Bibi, nikikua nitakimbia na nani?"

Asubuhi ya mashindano, Fundi akiwa anampima mteja kiuno, nilichukua wembe wake. Macho yangu hayaoni tena tundu la sindano, lakini kufumua? Kufumua naona vizuri sana. Pamba nikaitia mkobani pamoja na vifuko vyake alivyovishona. Kitu kizuri hakitupwi.

Uwanjani Fundi alimkodolea macho mwanawe.

"Mama! Mbona mtoto kakonda ghafla hivi?"

"Presha ya mashindano," nikasema.

Godoro akapokea kijiti, akachanja mbuga. Kwenye kona, puu! Chini. Goti likachanika, damu ikatoka. Uwanja mzima ukanyamaza, maana wote walimjua mama yake.

Mtoto akalitazama goti lake kama mtu aliyetembelewa na mgeni. Akaokota kijiti, akaendelea. Alifika wa mwisho huku mikono juu, anashangilia kuliko aliyeshinda.

Aliyeanguka asiinuke ni Fundi. Aliiona damu tu, akaenda chini kama gunia.

Godoro akaja anachechemea, akapekua mkoba wangu, akatoa pamba, akamlaza mama yake kichwa juu yake.

Fundi akafumbua macho. "Umeumia, mwanangu?"

"Kidogo. Pole, Mama. Wewe ulianguka bila pamba."

Fundi akapapasa kile kilicho chini ya kichwa chake. Akaitambua mishono yake mwenyewe. Akanigeukia taratibu.

Mimi nilikuwa naangalia mawingu. Yalikuwa mazuri sana siku ile.