Somo Kuu ni la Kuumeni

Siti binti Kificho aliingia ukumbini kwa ami yake na bahasha kwapani, na hasira hana. Hasira alizikuta humo humo, zimeshaandaliwa pamoja na kahawa.

Alitarajia kumkuta Ami Jecha peke yake, amkabidhi fomu, atie saini, kisha yeye na mama yake washike njia ya mjini Chake kabla posta haijafungwa saa sita. Ilikuwa Jumamosi, na meli ya Jumatatu ndiyo ya mwisho ya kuiwahisha fomu chuoni. Badala yake alikuta jamvi limejaa. Ami kakaa mbele. Mjomba Silima, kaka wa mama yake, yuko ubavuni kwake na kikombe cha tatu. Shangazi Mgeni kajinyoosha pembeni kama mwenye nyumba, na wazee wengine wawili wa ukoo wamekuja kwa sababu kahawa ipo. Mama yake, Bi Mwatima, aliyetangulia kuja, alikuwa kakaa karibu na mlango, kanga kichwani, kimya.

Fomu yenyewe ilitoka Makerere. Mwaka ule wa 1959, mtoto wa kike wa Pujini kupata nafasi ya chuo kikuu lilikuwa jambo la watu kutoka nyumba ya tatu kuja kumtazama usoni, waone kama kabadilika. Mtihani kafaulu, chuo kimemkubali. Yalibaki mambo matatu tu: aandike somo kuu na masomo madogo mawili, aandike kazi anayokusudia, na walii wake atie saini. Baba yake kafariki, walii ni Ami Jecha.

"Kaa, mwanangu," alisema ami. "Kazi yako tumeshakupunguzia. Jana tulikaa, tukaigawa."

Siti akauliza wamegawa nini.

"Fomu."

Pujini, kila chenye neema kina kuumeni kwa baba na kukeni kwa mama. Mahari yana pande mbili, ng'ombe wa arusi ana pande mbili, hata jina la mtoto mchanga hupigiwa kura na pande mbili. Achinjaye asipogawa, nyama itamkaa kooni mpaka apate wajukuu. Basi wazee walipoambiwa kuwa fomu ina nafasi tatu, moja kubwa na mbili ndogo, hawakuona karatasi. Waliona paja na mbavu.

Ami akaeleza kwa utulivu wa mtu mwenye kisu. Somo kuu ni la kuumeni, hilo halina maneno, na kuumeni wamechagua Historia, ili ukoo upate mtu wa kusimama mbele ya wakubwa na kueleza nani alianza kulima wapi. Somo dogo la kwanza ni la kukeni, na Mjomba Silima kachagua Kiingereza, kwa kuwa ana barua zake kwa serikali zina miaka sita hazijajibiwa, naye anaamini kosa ni la mwandishi. La pili wamewaachia jamaa wa kijiji cha Wambaa, wazazi wa Othman, kwa heshima tu. Wamesema watatoa jibu baada ya Ijumaa ijayo.

Othman huyo alikuwa kaleta posa, na posa ilikuwa bado haijajibiwa. Siti alihisi masikio yake yanachemka. Mtu hajaolewa, na mamake Othman keshakuwa mavyaa na keshapewa ubavu.

"Na mie fungu langu lipi?" aliuliza.

Shangazi Mgeni akacheka. "Weye ndiye unayekwenda kusoma. Fungu gani tena unataka?"

Watu wakacheka naye, hata wale wazee wawili wasiojua kinachochekwa.

Fomu ile Siti alikuwa nayo kichwani muhula mzima kabla haijachapwa jina lake. Skuli ya Unguja alikuwa na mwalimu wa hisabati, Bi Sugra, mtoto wa dukani Wete, mkali kama pilipili ya dukani kwao. Bi Sugra ndiye aliyemfundisha kuanza na kazi halafu kurudi nyuma. Ukishajua unataka kuwa nani, tazama digrii ya pili inayokufikisha huko inadai nini, halafu ndiyo uchague masomo madogo. Wengi huchagua somo kubwa kwa fahari na madogo kwa kubahatisha, kisha wanagonga mlango wa mbele na kuambiwa ulikosea miaka mitatu nyuma. Siti alitaka kuwa mpima ardhi. Kozi ya upimaji ilikuwa Ulaya, na haikumpokea asiyekuwa na Fizikia. Kwa hiyo: Hisabati kubwa, Fizikia na Jiografia ndogo. Hakuna pa kupachika barua za Mjomba Silima.

Akawaeleza haya, taratibu, kama anayemlisha mgonjwa.

Mjomba Silima akasema Kiingereza ni somo jepesi, halitamzuia. Ami Jecha akamwambia kupima ni kazi ya wanaume, ya kukanyaga vichaka na kuburura minyororo, na binti wa Kificho hatakanyaga vichaka vya watu.

"Nimeshakanyaga, ami," Siti alisema. "Likizo iliyopita. Nilipima shamba letu."

Hakukusudia kulisema. Lilikuwa limekaa kifuani miezi minne, na kile kicheko cha shangazi ndicho kilicholifungulia mlango.

Bi Sugra aliwapa zoezi la kupima shamba lolote na kulichora. Siti akachukua kamba ya makumbi ya mama yake, akaifunga fundo kila pima moja, upana wa mikono iliyonyooshwa, akazunguka shamba la mikarafuu aliloacha baba yake. Kadhi alikuwa kaligawa kwa mujibu wa dini: nusu ya Siti, thumni, moja ya nane, ya mama yake, iliyobaki ya Ami Jecha, na akaandika vipimo kwenye karatasi. Fungu la mama ndilo lililopakana na la ami, na mpaka wake ulipandwa minanasi. Siti alichora mara tatu, akidhani kakosea. Karatasi ya kadhi ilisema toka kisima cha upande wa mama hadi mpakani ni pima hamsini. Kamba ilisema thalathini na tisa.

Akayataja hayo mbele ya jamvi zima. Kisha akaongeza, "Minanasi haina miguu, ami. Mtu kaishika mkono."

Hakuna aliyecheka sasa. Mmoja wa wale wazee wawili akakumbuka ana mbuzi kamfunga juani, akaondoka.

Ami Jecha alikuwa mwekundu hadi shingoni. Alipozungumza, sauti ilikuwa ndogo kuliko mwanzo.

"Umenipima mie, Siti. Nimekulipia ada ya skuli, umechukua kamba ukanipima."

"Nilipima ardhi."

Akaizungusha kalamu vidoleni. Halafu akatoa bei yake. Siti ajaze atakalo, Hisabati, Fizikia, hata unajimu, naye atatia saini sasa hivi. Lakini kwanza uletwe msahafu, Siti aape hapa hapa kwamba kamba haitoingia shambani maadamu yeye yu hai.

Siti akamtazama Mjomba Silima. Huyu ndiye wa kukeni. Huyu ndiye aliyedai somo dogo kwa haki ya dada yake, na dada yake kaliwa pima kumi na moja mbele yake. Mjomba alikuwa akikoroga kahawa isiyokuwa na sukari.

Hapo ndipo hasira ikampanda sawasawa, si kwa ami tena. Kwa jamvi lote. Mafungu ya makaratasi wanayajua mpaka ubavu wa mwisho, fungu la mjane hawalioni. Akaichomoa fomu kwenye bahasha, akaishika kwa mikono miwili, na kila mtu akaona anachotaka kuifanyia.

"Siapi," alisema. "Nitaipasua kwanza."

"Nileteeni huo msahafu," alisema Bi Mwatima.

Ilikuwa mara yake ya kwanza kufungua kinywa tangu asubuhi. Siti akamgeukia, akamwambia mama, usifanye, mama, ni lako. Msahafu ulipoletwa, Bi Mwatima alinyoosha kanga yake, akaweka mkono juu yake, akasema, "Fungu lililopungua ni langu mie. Mie Mwatima naapa, sitotia kamba katika shamba lile, wala sitodai, maadamu Jecha yu hai."

Ami akashusha pumzi. Kwa watu wale mama akitoa neno, mtoto kishafungwa nalo. Hakuna aliyewahi kuuliza zaidi. Akavuta fomu, akatia saini kubwa yenye mikia, akaisukuma kama anayefukuza nzi. Siti akajaza pale pale, juu ya jamvi, mkono ukikandamiza mpaka wino ukapenya upande wa pili. Alipofika penye kazi anayokusudia aliisoma kwa sauti huku akiiandika: mpima ardhi, Pemba. Hakumshukuru mtu.

Njiani kwenda Chake alitembea kama anayekimbizwa. Mama yake nyuma, kandambili zikipiga. Mwisho Siti akasimama, akageuka, na yote aliyoyazuia ukumbini yakamwagika kwa yule asiyestahiki. Kwamba kamuuza, kwamba kauza ardhi ya mumewe kwa saini ya mwizi, na kwamba yeye ataisoma vipi Hisabati hiyo akijua imelipiwa nini.

Bi Mwatima alimwacha amalize, maana alikuwa anatafuta pumzi.

"Kule nani aliyeapa?" aliuliza.

"Wewe."

"Mie. Na mie tangu lini nikajua kupima?" Akajifunga kanga upya kiunoni. "Weye uliapa?"

Siti akaibana bahasha kwapani.

"Nimekuuliza, mtoto. Uliweka mkono?"

"Sikuweka."

"Basi tembea, posta itafungwa. Na ukinipandishia sauti tena barabarani, nitakuchapa hivyo hivyo na fomu yako mkononi."

Hasira haikumtoka Siti. Ilikuwa bado nzima, ila sasa ilijua inakokwenda. Akapunguza hatua, mama yake akamfikia, wakaongozana mpaka Chake bila ya neno, na walipofika karani alikuwa na ufunguo mkononi.

"Mmechelewa," alisema.

"Hatujachelewa," alisema Siti, akauweka mguu mlangoni.