Swali la Thelathini na Moja

Mwalimu Alfonsi alizilaza karatasi zetu mbili mezani, moja ubavuni mwa nyingine. Akaweka kidole cha mkono wa kushoto kwenye yangu na cha kulia kwenye ya Fauzia, akaanza kuvishusha vyote viwili pamoja, mstari kwa mstari. Kila palipokuwa na alama ya kosa alisimama. Vidole vyote vilisimama pamoja.

"Kupata sawasawa naweza kuelewa," alisema. "Lakini kukosa sawasawa, Consolata, huko kwenu Nyangamara mnakuitaje?"

Fauzia alikuwa ametoka ofisini humo punde tu, na tulipopishana mlangoni hakuniangalia. Nilikuwa nawaza hilo, si vidole vya mwalimu.

Ulikuwa mwaka wa tisini na sita, nasi tulikuwa kidato cha nne kwenye shule moja ya kutwa mjini Lindi. Mtihani wa taifa ulikuwa unabisha hodi, na karatasi zile za fizikia zilikuwa za majaribio tu. Lakini mkuu wa shule alishatangaza paredini kwamba atakayeangalizia, hata kwenye majaribio, atafukuzwa, na mtihani wa taifa atausikia redioni. Mwalimu Alfonsi, makamu wake, ndiye aliyepewa kazi ya kuwasaka wezi. Kwangu mimi kufukuzwa kulikuwa na maana moja: kurudi Nyangamara kuokota korosho na kuolewa na mtu mzima mmoja ambaye baba alikuwa akimzuia kwa neno moja tu, "Anasoma."

Niseme mapema kwamba mimi si mtu wa kuamini ovyo. Nimekulia katika nyumba isiyoamini mizani. Soko huria lilipoingia, wanunuzi binafsi wa korosho walifika kijijini, kila mmoja na mizani yake na tabasamu lake. Baba, kabla ya kutoa gunia hata moja, alinining'iniza mimi kwanza kwenye ndoano, kwa kuwa uzito wangu alikuwa ameuchukua zahanati asubuhi ileile. Mizani ikinipunguza, mnunuzi aliondoka mikono mitupu na baba alimsindikiza kwa matusi ya Kimwera. Mtoto aliyening'inizwa hivyo hawezi kukua akiamini watu.

Fauzia alikuwa kinyume changu. Alitoka Kilwa Kivinje, akakaa kwa shangazi yake pale Lindi, na alinunua samaki bila kufunua mashavu kuona kama ni wabichi. Nilimcheka sana kwa hilo. Hata hivyo, nani mwingine ningesoma naye? Mwalimu wetu wa fizikia alikuwa ameacha kazi akaenda Dar, kwenye kampuni ya mtu aliyeagiza majokofu, na hakuletwa mwingine. Wavulana walikariri herufi za majibu ya miaka iliyopita kama watoto wa madrasa. Sisi wawili tulijiwekea sharti letu: mmoja anasoma swali, mwenzake anachagua jibu, kisha anabanwa mpaka aseme kwa nini. Asiposema, jibu lake halihesabiwi hata likiwa sahihi. Tuligombana kila siku na hatukuachana hata siku moja.

Kwa kuwa hatukuwa na maabara, tulifanya majaribio uani kwa shangazi yake. Siku moja tulitaka kujua kama uzito wa kitu kinachobembea kwenye kamba unabadili mwendo wake. Tukatundika kopo la maziwa lililojaa maji, tukalisukuma, tukahesabu kwa saa ya Huseni, binamu yake. Kopo lilikuwa na tundu chini. Tuliliona, tukasema ni jambo la heri, maji yatapungua yenyewe. Yakapungua, na kopo likazidi kwenda taratibu kadiri lilivyozidi kuwa jepesi. Tulishangilia hadi shangazi akatoka jikoni kuuliza nani kajifungua. Kumbe kopo lilikuwa linatucheza shere: maji yakishuka, uzito nao unakaa chini zaidi, ni kama vile umeirefusha kamba. Hilo nililijua miaka mingi baadaye, nikiwa chuo.

Kwa hiyo swali la bembea lilipotokea kwenye mtihani wa majaribio, sisi wawili tuliandika kwamba kitu kikiwa chepesi huenda taratibu. Darasa zima hakuna mwingine aliyekosea kwa namna hiyo.

Nilimweleza mwalimu Alfonsi habari za kopo. Alicheka mpaka akashika mbavu.

"Mwenzako naye kaniambia hilohilo. Hata tundu kalitaja."

Nikashusha pumzi. Nilidhani yameisha. Lakini vidole vyake vilikuwa havijaondoka mezani, vikateremka hadi swali la thelathini na moja, vikasimama.

"Na hili la transfoma?"

Transfoma nilikuwa nimeiona juu ya nguzo tu. Kitabu chetu kilikuwa kimechanika sura hiyo nzima, na hatukuwahi kuigusa. Nilipofika kwenye swali lile nilifumba macho nikachagua E. Fauzia, aliyeketi dawati la kando yangu, hatua mbili tu, naye alikuwa na E. Na E haikuwa jibu.

"Mlilipataje?"

"Mwenzangu kasemaje, mwalimu?"

"Sikukuuliza ya mwenzako. Sema yako."

Nikamwona yule mnunuzi na mizani yake. Nikipima huku nazidi, kule napungua. Nikisema tulilisoma, na Fauzia kasema alibahatisha, mimi ndiye mwongo. Sikuwa na pa kushika isipokuwa kwenye ukweli.

"Nilibahatisha."

"Hamkulisoma pamoja?"

"Hatukulisoma."

Akavua miwani, akaifuta taratibu kwa shati. "Yeye kasema mlilisoma. Kasema mlikaa nalo jioni nzima mkibishana."

Damu ilinichemka. Kumbe ndiyo maana hakuniangalia mlangoni! Ameniangalizia, nikawaza, na sasa anajificha nyuma ya urafiki wetu. Kikulacho ki nguoni mwako. Nilimchukia palepale, mbele ya mwalimu, na nadhani mwalimu alikisoma kile alichokuwa akikitafuta usoni mwangu. Akaniambia nirudi darasani.

Fauzia alifukuzwa. Alipokuja kuchukua vitu vyake alinifuata bombani nilikokuwa nakinga maji. Alikuwa amelia, lakini hasira yake ilikuwa imekauka.

"Shoga, kwa nini ulimwambia umebahatisha?"

"Kwa sababu nilibahatisha."

"Wallahi?"

"Haki ya Mungu. Wewe je?"

"Na mimi nilibahatisha." Alitazama ndoo yangu. "Aliponionyesha ile E yako nikajua umeniangalizia. Nikasema tumelisoma, ili usifukuzwe ukaozwa yule mzee."

Ndoo ilijaa ikaanza kumwagika na hakuna aliyefunga bomba. Nilikwenda kwa mwalimu Alfonsi jioni ileile, nikamweleza. Akaniuliza kama nataka kusema kwamba mimi ndiye mwongo. Nikasema sisi sote tulibahatisha. Akaniambia basi niende nikasome, nisimtafutie mwizi mwingine.

Nilifaulu. Mzee yule alioa kwingine. Leo nafundisha hesabu, na huwaambia wanafunzi kwamba katika herufi tano, watu wawili waliofumba macho kuangukia herufi moja si muujiza. Wanaandika, wanaamini.

Mwaka juzi nilikwenda Kilwa Masoko kusimamia mitihani, nikaulizia mpaka nikaelekezwa kwenye duka la kanga. Fauzia alinikumbatia tukayumba wote wawili. Amenenepa, ana wajukuu, anacheka kama zamani. Alinikalisha ndani, akaleta chai na vitumbua, tukamsema marehemu mwalimu Alfonsi kwa wema zaidi kuliko alivyostahili. Kisha akasogeza kigoda chake, akashusha sauti ingawa hapakuwa na mtu.

"Konsola, sasa hakuna wa kutufukuza. Niambie kweli. Uliniangalizia?"

Nilicheka. Kisha nikaona yeye hacheki, anausoma uso wangu.

Sikumlaumu. Nilikuwa nimesafiri na swali hilohilo kutoka Lindi.